Jenga atomi ya florini kwa maharagwe, mahindi na ndengu

Nafundisha sayansi kwa watoto wa gredi ya nane na ya tisa hapa Nakuru. Jumamosi hukaa na wachache wao barazani kwangu, tukayarudia kwa Kiswahili yale waliyoyasikia darasani kwa Kiingereza yakawapita. Atomi, ile chembe ndogo mno inayounda kila kitu, ndiyo inayowapita zaidi. Wanachora miduara vizuri, wanapaka rangi, wanapata alama. Ukiwauliza kwa nini dhahabu ni dhahabu na si risasi, wananyamaza. Tangu nilipoanza kuwawekea sinia mbele yao, wanajibu. Hivi ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya 1: Andaa sinia

Tafuta sinia mbili pana, chaki, kikombe cha maharagwe mekundu, kikombe cha mahindi meupe makavu na ndengu za kujaa kiganja. Haragwe ni protoni, yenye chaji chanya. Punje ya mahindi ni nyutroni, haina chaji, na uzito wake unakaribiana sana na wa protoni. Ndengu ni elektroni, yenye chaji hasi.

Waambie mapema kwamba ndengu ni nzito mno kwa kazi hii. Protoni moja ina uzito wa elektroni zipatazo 1,836, kwa hiyo hata punje ya wimbi isingefaa.

Katikati ya sinia chora mduara mdogo, hicho ndicho kiini. Uzungushie miduara mikubwa miwili, mmoja nje ya mwingine. Wa kwanza hupokea ndengu 2 tu, wa pili 8.

Hatua ya 2: Anza na haidrojeni, usiharakishe

Weka haragwe moja kwenye kiini na ndengu moja kwenye mduara wa kwanza. Hiyo ni haidrojeni. Sasa ongeza punje moja ya mahindi kando ya haragwe, uulize: imekuwa nini? Wengi watasema imekuwa kitu kingine. La, ni haidrojeni bado, ila imeongezeka uzito. Haidrojeni nzito ya namna hiyo imo kwa uchache hata katika maji ya kunywa.

Ondoa ndengu. Bado ni haidrojeni, ila sasa ina chaji chanya. Rudisha ndengu, kisha weka haragwe la pili. Hapo ndipo haidrojeni imekwisha: hiyo ni heliamu.

Rudieni mpaka watoto wenyewe waseme: haragwe likibadilika, elementi imebadilika. Elementi ni aina ya atomi, kama haidrojeni au dhahabu. Mimi hutumia nusu saa nzima hapa na sijawahi kuijutia. Mwaka 1913 Henry Moseley, Mwingereza, alipima elementi kwa eksrei akaonyesha kwamba kinachozipanga ni chaji ya kiini, wala si uzito. Dhahabu, ile iliyochimbwa Kakamega miaka ya 1930, ina protoni 79. Risasi ina 82. Huko Ulaya watu walihangaika karne nyingi kuigeuza risasi iwe dhahabu kwa moto na dawa, na hawakuweza, kwa sababu moto wa jiko huchezea ndengu tu. Maharagwe haufiki.

Hatua ya 3: Jenga florini

Hesabu maharagwe 9 na mahindi 10, uyarundike kwenye kiini. Weka ndengu 2 mduara wa ndani na 7 mduara wa nje. Imebaki nafasi moja. Kila mtoto aiguse kwa kidole.

Nafasi hiyo ndiyo tabia yote ya florini. Ni gesi ya rangi ya manjano hafifu, na inanyakua elektroni kwa nguvu kuliko elementi nyingine yoyote, ndiyo maana ilikuwa kazi ngumu kuipata peke yake. Henri Moissan wa Ufaransa alifaulu mwaka 1886.

Sinia inadanganya kuhusu umbali, nalo walijue. Kama kiini kingekuwa punje ya ndengu katikati ya uwanja wa Afraha, elektroni za nje zingekuwa huko karibu na majukwaa.

Hatua ya 4: Mpe ndengu ya kumi

Kwenye sinia ya pili jenga sodiamu: maharagwe 11, mahindi 12, na ndengu 2, 8, 1. Utahitaji mduara wa tatu. Ile ndengu moja ya nje ipeleke kwenye nafasi ya florini, kisha hesabuni maharagwe tena. Bado 9. Elementi ni ileile, lakini sasa imetulia, ina chaji hasi, nayo tunaiita floridi.

Msichana mmoja, mwenye meno yenye madoa ya kahawia kama wengi waliokulia huku, aliwahi kuniuliza gesi hiyo kali iliingiaje kisimani kwao. Nilimjibu vibaya, nikasema imeyeyuka majini. Wiki iliyofuata nilimrudia nikasahihisha: iliyo majini ni floridi, na imetoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa.

Hatua ya 5: Peleka somo kwenye sufuria

Uliza: tukichemsha maji ya kisima, floridi itaondoka? Nyumba nyingi huamini hivyo, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu. Lakini kijidudu hufa. Floridi haifi. Mvuke unapanda, maji yanapungua, nayo inabaki yote sufuriani, ikikolea zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na madoa ya meno yatokanayo na floridi kuzidi hutokea meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, yaani utotoni.

Kwa hiyo floridi inanaswa. Hapa Nakuru hutumika vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa na jino vina madini ya jamii moja, yenye kalsiamu na fosfeti, na floridi ikipita humo hukaa mahali pa chembe nyingine ndani ya madini hayo. Usijaribu kuchoma mifupa mwenyewe: isipoiva sawasawa kwenye tanuri, maji hunuka na kubadilika rangi. Nunua kichujio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Nafasi zilizo kwenye mkaa zina idadi, kama ile moja kwenye sinia. Zikijaa, floridi hupita kama vile hakuna kichujio, hivyo peleka maji yakapimwe kila baada ya muda na mkaa ubadilishwe.