SOMO: Muandae mwanafunzi KABLA kozi ya onlaini haijaanza

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wanaofundisha onlaini na wenye mtoto au mdogo wao anayetaka kuanza. Watu wanaacha njiani sana na sio kwamba hawana akili, zile kozi kubwa za bure zilizoanza kuvuma 2012 kwa kawaida wanaomaliza hawafiki hata 15 kwa kila 100 waliojiandikisha. Wengi wanapotea wiki za mwanzo tu, mtu hajui aanzie wapi wala amuulize nani, anaona aibu anakaa kimya ndo basi tena. Kwa iyo wiki ya kwanza usikimbilie mada, mzoeshe kwanza kusomea humo kwenye mfumo, yani ile tovuti au app ya kozi.

Hatua ya 1: apite njia yote kwa kazi ya majaribio
Alogini mwenyewe, usimshikie simu. Abadili pasiwedi, afungue somo, aandike hata sentensi moja kwenye faili, alipe jina linaloeleweka, alitume pale zinapotumwa asaimenti halafu ahakikishe limefika. Hii hatua wengi wanairuka na ndo inayoumiza kuliko zote, maana siku ya dedlaini mtu anapambana na swali huku anapambana na mfumo. Na kama chuo kiko nchi nyingine aangalie dedlaini imeandikwa kwa saa za wapi.

Hatua ya 2: kifaa
Kama ni simu basi majaribio yote yafanyike kwenye simu iyo iyo. Video ya mtu anaongea tu, ubora wa picha wa chini kama 360p unatosha, data zinapona. Za wiki nzima azidaunlodi mapema kama mfumo unaruhusu.

Hatua ya 3: muda
"Ntasoma nikipata nafasi" hapana. Aandike siku na saa na anaoishi nao wajue. Dakika 40 mara nne kwa wiki ni bora kuliko kujifungia siku moja mpaka kichwa kinauma.

Hatua ya 4: namna ya kusoma
Hapa naomba mtulie. Video inadanganya, mwalimu anaeleza vizuri we unatikisa kichwa unaona umeelewa, kesho yake huna kitu. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke 2006 walitoa utafiti wao, wanafunzi waliorudia rudia kusoma walipopimwa baada ya dakika 5 walifanya vizuri zaidi, ila baada ya wiki waliokua wanafunga maandishi na kujikumbusha wenyewe ndo waliwapita. Kwa iyo video ikiisha afunge, aandike alichokumbuka bila kuchungulia, ndo arudi kuangalia alichoacha.

Hatua ya 5: kuuliza
"Sielewi" haimsaidii mwalimu. Aseme alikua anafanya nini, alitegemea nini, kimetokea nini, na picha ya skrini aweke. Mpe zoezi la kuuliza swali moja wiki iyo ya kwanza hata kama hana shida, aibu inamtoka hapo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu mi nina wanafunzi 60, ntamshika mmoja mmoja saa ngapi?
Jibu: Wapange wawili wawili, hatua ya 1 wafanye pamoja. We fungua ripoti ya mfumo uone nani hajalogini siku tatu, huyo muandikie kwa jina lake, tangazo la wote hasomi.

Swali: Kwenye vipindi vya laivu niwalazimishe kuwasha kamera?
Jibu: Hapana mkuu. Kuna ambao mtandao hauwezi na kuna asiyependa watu waone anapokaa. Uliza swali fupi kila dakika chache wajibu kwa kuandika, utajua nani yupo.

Swali: Wangu ana miaka 9, hatua hizi zinamfaa?
Jibu: Zinamfaa ila ratiba ushike wewe dada, na vipindi viwe vifupi zaidi, dakika 15 hadi 20 anapumzika. Kaa karibu ila mausi usiiguse, akikwama muulize "unadhani tubonyeze wapi" umsubiri.