Namna ya Kuupima Moyo Wako kwa Vidole Viwili, Ukiwa Umepumzika na Baada ya Mazoezi

Anza asubuhi, kabla hujainuka kitandani na kabla ya chai. Geuza kiganja kitazame juu, kisha weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mahali penye kibonde kidogo kati ya mfupa na kano. Gusa taratibu, kwa sababu ukikandamiza sana utauziba mshipa na kukosa kile unachokitafuta. Usipimie kidole gumba, kwa kuwa nacho kina mapigo yake ambayo yanaweza kukuchanganya. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mapigo yakiwa yanarukaruka bila mpangilio, hesabu dakika nzima. Rudia kwa siku tatu au nne na uandike kila hesabu, maana usingizi mbaya au homa ya siku moja hutosha kuipandisha.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Unachokihisi kidoleni si damu inayopita, bali ni wimbi linalotanua ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, kila mara chumba cha chini cha kushoto cha moyo kinapojikamua. Kwa pigo moja chumba hicho hutoa takriban mililita 70 za damu, kwa hiyo mapigo 70 hutoa karibu lita 5 kwa dakika, kiasi ambacho kinakaribia kuwa damu yote iliyomo mwilini. Kama moyo ungekuwa unajaza ndoo ya lita 20, ungehitaji kama dakika nne.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba moyo uliopumzika ni moyo ulioshikiwa breki. Kituo kinachoanzisha mapigo, kilicho katika chumba cha juu cha kulia, kikiachwa bila neva (mishipa ya fahamu) kingepiga kama mara 100 kwa dakika, lakini neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hukipunguzia mwendo. Ndiyo maana unapoanza kukimbia moyo huitikia papo hapo: mwili huachia breki kwanza, kisha neva nyingine na homoni ya adrenalini huongeza kasi. Mara nyingine mapigo hupanda hata kabla ya hatua ya kwanza, kwa kule kuwazia tu mbio.

Sasa panda ngazi au nenda mchakamchaka kwa dakika kumi. Mazoezi yakipamba moto, moyo wa mtu wa kawaida unaweza kutoa lita 20 kwa dakika, yaani ile ndoo sasa inajaa ndani ya dakika moja. Mgawo wa damu nao hubadilika. Misuli, ambayo wakati wa mapumziko hupata karibu sehemu moja kwa tano ya damu, katika mazoezi makali huchukua zaidi ya sehemu tatu kwa nne, huku mishipa ya tumbo na figo ikijibana ili kuipisha. Ubongo haupunguziwi fungu lake. Ngozi hudai lake ili kutoa joto, na ndiyo sababu mtu anayekimbia Dar es Salaam mchana wa Januari huona mapigo yake yako juu kuliko alfajiri, ingawa mwendo ni uleule.

Pima mara tu unapomaliza, na safari hii hesabu sekunde 15 tu kisha zidisha kwa 4, kwa sababu moyo hupunguza kasi haraka na hesabu ndefu itakudanganya. Ili kukadiria kikomo chako, toa umri wako kwenye 220: mwenye miaka 40 hupata 180, na mazoezi ya wastani kwake ni asilimia 50 hadi 70 ya hapo, yaani mapigo 90 hadi 126. Kanuni hii ni ya makadirio na inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi. Kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazopunguza kasi ya moyo, haifai kabisa. Binafsi naiamini zaidi pumzi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani.

Usisimame ghafla baada ya mbio. Misuli ya mashavu ya miguu, kila inapokaza, huziminya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na kuisukuma damu kurudi juu, huku vali zikiizuia isishuke tena. Ukisimama wima bila kujongea, msukumo huo hukoma wakati mishipa ya miguu bado imetanuka, damu hutuama chini, na mtu huona kizunguzungu au kuzimia. Pima haraka, kisha tembea polepole kwa dakika kadhaa.

Dakika moja baada ya kuacha mazoezi, pima tena huku ukiendelea kutembea. Mapigo yaliyoshuka kwa chini ya 12 ni jambo la kumweleza daktari. Maumivu ya kifua, au kukosa pumzi kusikolingana na kazi uliyofanya, hayasubiri hesabu yoyote: acha mazoezi na uende hospitali mara moja.