Kuchaji Pikipiki ya Umeme kwa Sola ya Nyumbani Mbeya

Kabla ya kununua paneli hata moja, weka mezani risiti yako ya LUKU na usome lebo iliyobandikwa kwenye chaja ya pikipiki. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba karibu uniti 2.9, na ukijumlisha umeme unaopotea njiani, kuijaza huhitaji kama uniti 3.5. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa takribani shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, hiyo ni shilingi 1,250 kwa siku, yaani 31,000 na ushee kwa siku 25 za kazi. Hicho ndicho sola inachokuokolea. Fedha nyingi zaidi ulikwisha kuziokoa siku ulipoacha petroli, na fundi anayezijumlisha zote anakuuzia paneli kwa hesabu ya mafuta.

Aliye kwenye daraja la D1, la wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi, ana sababu kubwa zaidi ya kufunga sola, kwa kuwa pikipiki peke yake itamvusha mpaka huo, na uniti zinazozidi hutozwa shilingi 350 badala ya 100, kabla ya kodi.

Chaja inayotoa volti 84 kwa ampea 10 huhitaji wati 840 na zaidi kidogo, hivyo paneli mbili za wati 550 zinatosha kiangazi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Zielekeze kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, mbali na kivuli cha miti ya milingoti, maana kivuli cha tawi moja hupunguza umeme wa paneli zote zilizoungwa kwa mfululizo. Kwa mawingu ya Novemba hadi Aprili, chagua inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumiwa na chaja) inayoweza kuchukua pungufu kutoka TANESCO.

Ikiwa pikipiki inashinda kijiweni Mwanjelwa, nunua betri ya pili ya kubadilisha, ibaki nyumbani ikichajiwa mchana. Betri kubwa ya kuhifadhi umeme wa usiku ni ghali, na kwa pikipiki moja sioni itakavyorudisha gharama yake.

Kwa walio Makete, ambako sakitu huanguka Juni na Julai, betri ya lithiamu ilale ndani, na isichajiwe ikiwa bado imepoa kufikia nyuzi sifuri.