Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe kuwa studio: ziba matundu, ukuta uache upumue

Ukuta wa nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, una unene wa sentimita 50 hivi, na mara nyingi zaidi: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Mita moja ya mraba ya ukuta huo inazidi kilo 500, na kinachozuia sauti ni uzito. Sehemu ngumu ya studio imeshajengwa tangu zamani. Hasara huanza pale fundi anapouvika ukuta huo magodoro na mabodi, huku mlango una upenyo wa kidole kwa chini. Katika nyumba hizi sauti hupita mlangoni, dirishani na darini. Pesa ziende huko.

Kwanza kibali. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo uso wa nyumba, mlango wa nakshi na madirisha ya nje havibadilishwi bila idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Panga mambo yote mapya yakae ndani, na yaweze kuondolewa bila kuacha kovu. Halafu mhandisi aangalie nyufa na vichwa vya boriti mahali vinapoingia ukutani, kwani ndipo zinapoozea na ndipo mchwa huanzia. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la hapo hapo Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020; nyumba ya kale isibebeshwe mzigo kwa kubahatisha. Chagua chumba cha chini. Sakafu ya ghorofani, boriti na zege la chokaa juu yake, hupitisha kila hatua ya mguu, na si mahali pa kuongeza mzigo.

Sasa unyevu, ambao ndio huharibu studio nyingi za pwani. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kama mvuke kwenye uso wake. Ukipigwa lipu ya saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi huchanua na kubandua lipu vipande vipande. Toa saruji yote. Piga lipu ya chokaa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, tabaka lisilozidi sentimita moja, na kila tabaka liloweshwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa lisikauke kwa haraka. Maliza kwa kupaka chokaa. Kazi hii ianze baada ya masika, na ukuta upewe wiki nyingi za kukauka kabla ya mbao yoyote kuingia. Usibandike kitu moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe: acha angalau sentimita 5 hewa izunguke, la sivyo ukungu utaota nyuma yake na hutauona mpaka unuke.

Mlango. Upenyo wa milimita 10 chini ya mlango wa sentimita 90 ni sentimita za mraba 90, kama nusu ya asilimia moja ya mlango wote. Hiyo peke yake inatosha kufanya mlango usizuie zaidi ya desibeli 23 hivi, hata ukiwa wa chuma. Mlango wa nakshi uache ulivyo. Upande wa ndani wa ukuta, weka mlango wa pili wa mbao nzima za mninga, zisizo na uwazi ndani, unene milimita 45, bawaba tatu za inchi 4, raba pande zote nne na kizingiti cha kuufungia kwa chini. Unene wa ukuta wenyewe unakupa kijichumba kati ya milango miwili. Kivike pamba ya mwamba, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa zinazomeza sauti, iliyofunikwa kitambaa. Jaribu usiku: zima taa, mtu asimame nje na tochi. Palipo na mwanga pana sauti.

Dirisha hapa ni neema, kwa sababu kina chake kinakuruhusu kutenganisha vioo kwa sentimita 20 hadi 30, na nafasi hiyo ndiyo inayozuia besi. Vibao vya nje vibaki. Ndani weka fremu mbili zisizogusana, moja ya kioo cha milimita 6, nyingine cha milimita 10 chenye tabaka zilizogandishwa kama cha mbele ya gari. Vioo vya unene mmoja huitikia mawimbi yale yale, na sauti hiyo itapita vyote viwili. Kati yake weka vifuko vya chembe za kukausha unyevu, na fremu moja ifunguke ili uvibadilishe. Zungushia fremu silikoni.

Dari. Hatua za ghorofani hushuka hadi chumba cha chini, na pasipo na ghorofa, mvua juu ya bati huzima sauti ya mtu anayesema karibu nawe. Dari mpya isining'inizwe kwenye boriti, kwa sababu ya uzito na kwa sababu mtikisiko utashuka nayo. Isimamishwe kwenye nguzo zake za inchi 4 kwa 4, zilizokaa juu ya vipande vya raba nene, sentimita 5 kutoka ukutani, zikiwa na mikingamo kwenye pembe. Vyumba hivi vina upana usiozidi mita 3 kwa kawaida, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki upana zaidi ya hapo, hivyo mbao za 2 kwa 6 kila sentimita 40 zinatosha. Chini yake bodi mbili za jipsamu za milimita 12.5, maungio yapishane, kingo zijazwe gundi isiyokauka ngumu. Juu yake pamba ya mwamba ya sentimita 10. Chumba cha mita 3 kwa 6 kitakuwa na jipsamu ya kilo 360 hivi. Acha tundu lenye kifuniko kizito cha kukagulia boriti kila mwaka.

Ukishaziba hivyo, watu watano ndani watahitaji hewa kama lita 50 kwa sekunde. Pitisha bomba la kipenyo cha sentimita 20, jingine la kutolea, kila moja likipita kwenye sanduku la plaiwudi lenye kona mbili na pamba ndani. Bomba jembamba hupiga mluzi. Hewa ichukuliwe kwenye ukumbi, usiichukue uchochoroni, na unyevu wa chumba ushikiliwe kati ya asilimia 45 na 55. Ala za nyuzi kama ganuni na udi hulegea na kukaza kwa unyevu kuliko kwa joto.

Umeme wa zamani ung'olewe wote. Vifaa vya sauti viwe na laini yao kutoka meinswichi, waya wa milimita za mraba 2.5, vyote vikitumia ethi moja, yaani waya mmoja wa kwenda ardhini. Kiyoyozi na taa viwe na laini nyingine, na pawepo swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Mngurumo wa 50 Hz, ambao ni mtetemo wa umeme wenyewe, mara nyingi hutokana na vifaa viwili kupata ethi kwa njia mbili. Usikate waya wa ethi kuuondoa. Unaweza kuua mwimbaji aliyeshika maiki.

Mwisho ni mwangwi, maana chokaa laini hurudisha kila kofi. Trei za mayai na zulia hula sauti nyembamba tu, chumba kikabaki na besi inayovuma, na huwaka moto haraka. Tengeneza fremu za mbao zenye pamba ya mwamba ya sentimita 10, kitambaa juu, zisimamishwe sentimita 10 kutoka ukutani, na pembe nne zijazwe kuanzia sakafu hadi dari. Spika zielekee urefu wa chumba, na msikilizaji akae kwenye asilimia 38 hivi ya urefu huo kutoka ukuta wa mbele: katika mita 6, ni mita 2.3. Kisha sogeza kiti sentimita kumi kumi, mbele na nyuma, mpaka besi isikike sawa.