Viota vya tambi na gogo la chokoleti: Pasaka bila oveni

Tarehe 9 Aprili 2023, Jumapili ya Pasaka, nilipanda bajaji nikiwa nimepakata sinia la chokoleti thelathini nilizozimimina mwenyewe kwenye vikombe vya karatasi. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni dakika ishirini kama hakuna foleni. Siku hiyo foleni ilikuwepo. Nilipofunua foili mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili nilikuta uji. Watoto wala hawakujali, walichovya vidole wakalamba. Waliojali ni mama zao, maana Pasaka ndiyo siku ya magauni meupe.

Kosa lilikuwa langu. Nilifuata maelekezo ya watu wa nchi za baridi, ambako Pasaka huangukia mwanzoni mwa majira ya machipuko na mtu akiacha sinia dirishani, baada ya muda mfupi anakuta limeganda. Dar es Salaam Pasaka inatukuta kwenye masika. Mvua ikikatika jua linawaka, hewa ina unyevu, na dirishani hapagandi kitu. Siagi ya kakao huanza kulegea mapema, na ikifika nyuzi 34 hivi imeshayeyuka. Ndiyo maana chokoleti nzuri inayeyuka mdomoni. Ndiyo maana pia inayeyuka kwenye bajaji.

Kwa hiyo sasa natengeneza vitu viwili tu, ambavyo hata vikilegea havimwagiki, kwa sababu ndani yake kuna kitu kikavu kinachovishikilia. Oveni haihitajiki. Jiko la gesi la plati moja linatosha, na hata la mkaa linafaa ukiwa na subira.

Kwanza chokoleti yenyewe. Geuza pakiti usome nyuma. Ikiandikwa siagi ya kakao, hiyo ndiyo chokoleti hasa: tamu, lakini haivumilii joto. Ikiandikwa mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea, hiyo ni ile ya kupikia. Inavumilia zaidi, ila ukiila peke yake unahisi kama kuna mshumaa kwenye ulimi. Ndani ya viota mshumaa huo hausikiki, kwa hiyo natumia hiyo na wala sioni haya. Usichanganye hizo mbili ukidhani utapata uzuri wa pande zote. Nilijaribu, nikapata kitu laini kuliko zote mbili.

Mimi ni mtu wa Kyela. Nimekua nikiona kakao ikirundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba hadi ichachuke, kisha inaanikwa juani. Sisi watoto tulikuwa tunanyonya ule utando mweupe mtamu wa mbegu na kutema mbegu kwenye beseni, maana mbegu ndiyo ada ya shule. Chokoleti yenyewe nilikuja kuionja nikiwa kidato cha pili, na nikaona ina sukari nyingi mno. Tusipotee njia.

Viota ni wazo la jirani yangu wa ukuta mmoja. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31, katikati ya Ramadhani, na yeye alikuwa ameweka tambi za kutosha futari ya mwezi mzima. Nilikwenda kumlalamikia kwamba kornfleksi zimepanda bei. Akanitazama, akaniingizia pakiti ya tambi mkononi: "Dada, kiota ni majani makavu. Hizi hapa majani makavu." Hakuonja, alikuwa amefunga, lakini alisimama mlangoni mwangu akisimamia kazi kama fundi mkuu.

Chukua gramu 150 za tambi nyembamba, zile kama nywele. Zivunje ziwe na urefu wa kidole. Weka samli kijiko kimoja na nusu cha chakula kwenye kikaango, moto mdogo, mimina tambi na uanze kugeuza. Hapa huruhusiwi kushika simu. Kwa dakika tatu utaona kama hakuna kinachotokea, halafu ghafla zinashika rangi, na kutoka rangi ya karanga za kukaanga hadi rangi ya mkaa ni kama nusu dakika. Zikinukia, toa moja, iache ipoe, iume. Ikivunjika kah! kati ya meno, tayari. Ikijipinda au kunata, bado mbichi, rudisha. Zikiiva zimwage kwenye sinia pana zipoe kabisa, la sivyo zitaendelea kujichoma zenyewe kwenye kikaango hata ukishazima moto.

Chokoleti gramu 250 ikatekate kwa kisu. Chemsha maji ya kina cha vidole viwili kwenye sufuria ndogo, punguza moto hadi yawe yanapumua tu, kisha weka juu yake bakuli la bati au la kioo kinene. Kitako cha bakuli kisiguse maji. Tia chokoleti, iache dakika mbili, ndipo ukoroge. Ikibaki vipande vichache, epua. Vitamalizikia kwa joto lililopo.

Adui mkubwa hapa ni maji. Tone moja la mvuke likidondokea bakulini, chokoleti yote inakakamaa na kuwa kama udongo wa mfinyanzi. Bakuli liwe kavu, kijiko kiwe kikavu, na mwiko wa mti usiutumie kabisa, maana ule uliouosha asubuhi bado una maji ndani yake. Ikishakutokea usiitupe. Ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, italainika na kuwa rojo la kupaka mkate. Kwa viota haifai tena.

Changanya tambi na chokoleti taratibu hadi kila uzi upakwe. Chota kijiko kilichojaa, weka kwenye kikombe cha karatasi au juu ya karatasi ya kuokea, kisha bonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko ili kitokee kishimo. Utapata viota kumi na vinne hivi. Kwenye kila kishimo weka karanga za mayai tatu, hizi hizi zinazouzwa dukani kwenye vipakiti. Nimeshaona watu wanahangaika kutafuta vijiyai vya rangi vya kutoka nje, na bei yake ni ya kugombanisha ndoa. Karanga za mayai zina umbo lenyewe, zina jina lenyewe, na chumvi yake inakata ule utamu. Friji kwa nusu saa, basi.

Gogo ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalosafiri vizuri. Biskuti za kawaida za maziwa gramu 300, zizungushie taulo safi la jikoni na uzigonge kwa mchi. Zamani nilikuwa naziponda ndani ya mfuko wa rambo, lakini hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019 na taulo linafanya kazi vizuri zaidi. Usizisage. Unataka vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba vikiwa na unga kidogo. Yeyusha siagi gramu 100, koroga ndani yake nusu kopo la maziwa mazito matamu (gramu 200 hivi), unga wa kakao vijiko sita vya chakula na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ukiona mabonge ya kakao, chekecha mwakani. Mwaka huu yaponde kwa kijiko. Mimina kwenye biskuti pamoja na kikombe cha karanga zilizokaangwa na kumenywa, au korosho kama mfuko unaruhusu. Changanya kwa mkono. Ukifinya donge likashikana, sawa. Likimong'onyoka, ongeza kijiko cha maziwa mazito.

Limwage kwenye karatasi ya kuokea, livingirishe liwe nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, zungusha ncha mbili za karatasi kama pipi, weka kwenye friji saa nne au usiku kucha. Likiganda liviringishe kwenye sukari ya unga. Kata kwa kisu ulichochovya kwenye maji ya moto na kukifuta vizuri. Ndani utaona vipande vya biskuti na karanga kama mafuta kwenye soseji, na watoto wangu hawaliiti jina lingine zaidi ya soseji.

Fanya yote Jumamosi jioni, jua likishatua. Umeme ukikatika usifungue friji kuchungulia. Baridi iliyomo itakaa saa kadhaa ukiiacha. Na kama siku ya pili viota vimeota madoa meupe, huo si ukungu, ni mafuta yaliyopanda juu baada ya kulegea na kuganda tena. Vinalika.

Kwa safari ya kanisani nina ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Chini naweka barafu iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge, juu yake sahani iliyogeuzwa, halafu vyakula vyenyewe kwenye makopo yaliyofungwa, ili maji ya barafu yasivifikie. Gogo nakatia kule kule. Mwaka 2025 ndoo ilifika salama na magauni yakabaki meupe hadi wakati wa pilau.

Ile nusu kopo ya maziwa iliyobaki ihamishie kwenye bakuli lenye mfuniko, usiiache ndani ya kopo lililofunguliwa. Inakaa wiki nzima kwenye friji. Kwangu mimi haijawahi kufika Jumatatu ya Pasaka, na kijiko kinachokutwa kwenye sinki asubuhi hakina mwenyewe.