Kuvuna maji ya bati Dodoma kabla ya Desemba

Maji mengi ya bomba mjini hapa husukumwa kwa umeme kutoka visima vya Mzakwe, kwa hiyo kila lita ya paa inapunguza mzigo huo. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ukitoa inayopotea unabaki na takriban lita 800.

Funga gata (mfereji wa ukingoni mwa bati) yenye mteremko wa sentimita 1 kila mita, na vishikizo visipishane zaidi ya mita 1. Ikibonyea katikati, maji yatamwagika hapo.

Vumbi letu ndilo tatizo kubwa. Weka bomba la kusimama la inchi 4, lililozibwa chini kwa kifuniko cha kufungua, kabla ya tenki. Kila mita ya bomba hilo hubeba lita 8 za maji machafu ya mwanzo. Paa hili linahitaji angalau lita 25, yaani zaidi kidogo ya mita 3, hata ukizigawa kwenye mabomba mawili. Mwaga baada ya kila mvua, la sivyo tope litaingia tenkini.

Lita 1,000 ni tani nzima, hivyo jenga msingi wa zege. Ziba matundu ya tenki kwa wavu wa mbu. Ya kunywa, chemsha.