Namna ya Kuzitafuta Tezi za Homoni Katika Mwili wa Mjusi

Anayempasua mjusi kwa mara ya kwanza huona moyo, ini na utumbo bila taabu, lakini tezi za homoni humponyoka kwa kuwa ni ndogo na nyingine hufanana na mafuta yaliyozizunguka. Badala ya kutafuta umbo, fuata mishipa ya damu, kwani tezi hizi hazina mfereji na humimina homoni zake moja kwa moja kwenye damu.

Mlaze chali mjusi aliyekwisha kufa, mbane miguu kwa pini, kisha mpasue kuelekea kidevuni. Tumboni, kata pembeni kidogo ya mstari wa katikati, kwa sababu vena ya tumbo (mshipa unaorudisha damu kuelekea moyoni) hupita papo hapo katikati.

Anzia shingoni. Tezi ya thairoidi hukaa kwenye trakea (bomba la hewa), mbele ya moyo, na umbo lake hutegemea aina ya mjusi: huweza kuwa moja, yenye sehemu mbili zilizoungana, au mbili zilizotengana. Paratairoidi, zinazosimamia kalsiamu, ni ndogo mno. Zitafute kwa lenzi karibu na ateri za karotidi, mishipa inayopeleka damu kichwani.

Adrenali, tezi zinazotoa adrenalini, ndizo zinazowasumbua wengi, hasa waliozoea anatomia ya binadamu, ambao huzitafuta juu ya figo. Figo za mjusi ziko nyuma kabisa, karibu na nyonga, ilhali adrenali zimeshikamana na korodani au ovari; ukiziondoa hizo mapema, huenda ukazitupa adrenali pamoja nazo. Sogeza mafuta kando, inua korodani taratibu kwa koleo hadi utando unaoishikilia ukazike, nawe utaona ndani ya utando huo kipande chembamba, kirefu, chenye rangi ya manjano. Cha kulia hugusana na vena kava, vena kubwa inayoingia moyoni, na cha kushoto kiko jirani na vena ya figo. Tishu inayotoa adrenalini haikufungiwa katikati kama ilivyo kwa mamalia, bali imetanda upande wa mgongoni na kujipenyeza katika visiwa vidogo.

Kongosho huonekana kando ya duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), na sehemu inayoelekea wengu ndiyo yenye seli nyingi za homoni. Vitundu vilivyopangana chini ya mapaja visikuhadae: hutoa nta nje ya mwili, hivyo havimo katika hesabu hii.

Kichwa kiache mwisho. Mijusi wengi wana gamba lenye doa hafifu utosini, ambalo chini yake kuna jicho la tatu, na ndani zaidi tezi ya pineali itoayo melatonini, homoni inayohusiana na usiku na mchana. Mjusi kafiri hana jicho hilo. Tezi ya pituitari iko chini ya ubongo, katika kishimo cha mfupa. Fungua paa la fuvu, inua ubongo kuanzia mbele, na ukate neva za macho kwanza. Ukiuvuta kwa nguvu, pituitari itakatika na kubaki kishimoni.